Alichosema Daktari

Bwana Karani, kabla ya neno lolote andika kwanza waliomo humu chumbani. Andika mmoja mmoja, maana karatasi isiyosema nani alikuwepo haina kazi. Yupo binti yangu, mshonaji, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Yupo kitinda mimba wangu, mpiga picha za video, amesimama kwa sababu tangu utoto wake hajui kukaa. Upo wewe mwenyewe, karani mstaafu wa mahakama. Usijiandike "jirani" tu, andika cheo chako. Nipo mimi, kitandani, mito mitatu mgongoni, pumzi fupi lakini akili yote ninayo. Hayupo mwanangu wa kwanza, dereva, ambaye ametoka saa kumi na mbili asubuhi na gari lake kwenda kumchukua dada yangu. Hayupo dada yangu. Lakini mwandike, kwa sababu maneno haya ni yake kuliko yenu, na mbele yake acha nafasi. Akifika tutajaza saa aliyofika.

Basi tulieni, wanangu. Na wewe mshonaji, acha kunipangusa jasho kila dakika, jasho halijaua mtu.

Ya nyumba nayamaliza upesi kwa sababu ni mepesi. Chumba cha mbele na baraza yake ni vya mshonaji, maana cherehani inataka mwanga na wateja wameshamzoea pale. Vyumba viwili vya nyuma ni vya dereva na wanawe. Chumba hiki ni chako, kitinda mimba, pamoja na kabati, mikrofoni iliyo ndani ya kabati na lile sanduku la vipande vya filamu. Kaka yako akisema mikrofoni ni chuma chakavu, mwambie ni kweli, lakini nimekupa wewe.

Sasa ndiyo nianze.

Mnajua kwamba nilikuwa mkalimani wa filamu, lakini ninyi mmezaliwa filamu zina maandishi chini, kwa hiyo hamjui kazi ile ilikuwaje. Kila Jumamosi saa tisa alasiri madirisha ya ukumbi yalizibwa vitambaa vyeusi, watu wakabanana kwenye mabenchi, nami nikakaa kwenye meza ndogo pembeni ya pazia la picha. Wale wa kwenye picha walisema kwa lugha yao, nami nilisema baada yao kwa lugha yetu: nikawa mfalme, nikawa mke wa mfalme, nikawa mwizi na askari anayemkimbiza. Nilipata kazi ile kwa sababu mwalimu wetu wa shule, mtu mkali kama pilipili, alitucharaza viboko kwa kila neno la kigeni tulilolikosea maana. Alisema mfasiri ni dirisha, na dirisha likianza kujichora maua halifai tena. Nilimchukia mwalimu yule, lakini hilo nililiamini. Watu wa ukumbini waliniita Sauti. Mbele kabisa alikaa mchinjaji mmoja ambaye hakuwahi kukosa hata Jumamosi moja, na alizungumza na picha kana kwamba zinamsikia: "Geuka nyuma wewe bwege, yuko nyuma yako!" Mtu wa kwenye picha asipogeuka, alinigeukia mimi: "Sauti, mwambie basi, wewe si ndiye unayejua lugha yao!"

Mwaka mmoja dada yangu alifiwa na mwanawe. Mtoto wa miaka saba, wa pekee, homa ya siku nne. Siku ya nne dada alipiga magoti kwenye ukumbi wa hospitali tangu asubuhi, mimi nimesimama karibu naye nimeshika kofia, sijui kuomba wala kumwinua. Muuguzi alipotoka, dada hakulia. Alinyanyuka, akakung'uta vumbi magotini, akaenda nyumbani, na kwa miezi mitano hakutoka wala hakusali. Padri alikwenda akarudi. Mimi nilikwenda kila jioni, nikakaa naye tukitazama ukuta. Siku moja nikamwambia, "Dada, njoo Jumamosi utazame picha." Akasema, "Nikusikilize wewe ukilia sauti ya kike?" Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu msiba, nikatoka pale kama niliyeokota almasi.

Akaja. Alikaa benchi la tatu, shungi limefunika nusu ya uso. Nami sikuwa nimeitazama filamu ile kabla. Kanuni ya kazi ilikuwa kuitazama asubuhi peke yako na kuandika maelezo, na kila Jumamosi nilifanya hivyo, ila Jumamosi ile nilikwenda kumsindikiza dada, kwa kuogopa asije akaghairi. Makosa yote, wanangu, yalitoka hapo.

Ilikuwa filamu ya mama na mtoto mgonjwa. Nilipoona kitanda na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, niligeuka kumtazama dada. Mama wa kwenye picha akawasha mshumaa, akapiga magoti. Dada akateremsha shungi. Niliuona uso wake kwa mwanga wa pazia, mdomo umefunguka kidogo, naye anasali pamoja na mwanamke yule. Baada ya miezi mitano, anasali. Kisha daktari akainama juu ya mtoto, akainuka, akamtazama mama, akasema amekufa. Hilo tu, kwa lugha yao fupi.

Nami nikasema, "Daktari anasema: mama, tulia, homa imeshuka, mtoto amelala, kesho atakuomba uji."

Mchinjaji akapayuka, "Aa, Sauti! Daktari kafumbua mdomo mara moja, wewe umesema kama bunge!" Watu wakacheka, wakamzomea anyamaze, na mama wa kwenye picha aliposimama akafungua dirisha na mwanga ukamwagika chumbani, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Walisema sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Nami nilifurahi. Andika hilo, Bwana Karani, usilipunguze: nilifurahi.

Dada alirudi kanisani kesho yake, na tangu siku ile hajaacha. Mnamjua. Alfajiri yupo, anafagia, anafuta mabenchi, anapiga magoti kwenye sakafu ya saruji hadi magoti yamekuwa magumu kama kisigino. Watu wanamwita Mama Sala, na nyote mmekua mkiambiwa mumtazame shangazi yenu mjifunze imani. Mimi pia nilijisifu moyoni kwamba ni mimi niliyemrudisha. Mwaka mzima nilijisifu. Kisha siku moja, tunamenya viazi uani kwake, akaniuliza bila kuinua macho, "Ndugu yangu, yule mama wa kwenye picha alifanya nini ambacho mimi sikufanya?"

Nikamwambia, "Dada, ile ni filamu tu."

Akasema, "Najua. Lakini aliomba kidogo tu, mshumaa mmoja. Mimi niliomba tangu asubuhi. Lazima kuna mahali nilikosea." Akaendelea kumenya.

Hapo nilielewa kwamba dada haendi kanisani kushukuru. Anakwenda kutafuta kosa lake. Ameamka alfajiri miaka arobaini na sita kutafuta kosa ambalo halipo, na aliyelitunga ni mimi, kwa maneno matatu manne niliyoyaona ya huruma. Yule mwanamke alikuwa mwenzake. Dunia nzima isiyojua cha kumwambia ilimletea mama mmoja aliyepiga magoti kama yeye na kukosa kama yeye, nami nilisimama katikati nikamgeuza kuwa mtu anayemshinda.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia pale pale, kisu cha viazi mkononi. Kwanza niliogopa kwamba nikiitoa imani ile, chini yake hakutabaki kitu. Kisha mwaka ukaisha, na mwingine, na kila mwaka uliongeza aibu. Na nilipenda kuitwa Sauti. Hizo ndizo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Kitinda mimba, sogea. Unakumbuka ile video ya harusi, mama wa bibi harusi alipolia kwa sababu mumewe hakuishi kuiona siku ile, nawe ukakiondoa kilio ukaweka maua na muziki? Nilikwambia mbele ya wageni kwamba hiyo si kazi, ni kurembesha uongo. Ukahama, ukakaa miaka miwili hukanyagi hapa. Mwanangu, nilikuwa nakugombeza wewe kwa dhambi yangu. Nisamehe. Lakini kilio usikiondoe tena. Yupo mtu atakayeitazama video ile akidhani ni yeye peke yake duniani aliyelia siku ya furaha.

Ni huyu, Bwana Karani, mwezi uliopita aliyenitafutia filamu ile kwenye kompyuta yake, nikaiona tena. Na kumbe haikuishia dirishani. Watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, vichwa vyao vimeziba pazia, hakuna aliyeona dakika ya mwisho, hata mimi. Mama yule anatoka uani. Anaanua shati dogo kwenye kamba. Analinusa, analikunja taratibu, mkono na mkono, analiweka kifuani, halafu anawatupia kuku mahindi kwa sababu kuku wana njaa. Basi. Hakuna anayesema neno.

Nataka dada aione dakika hiyo. Ndiyo maana mshonaji amepiga pasi shuka jeupe mkalitundika ukutani pale mbele ya projekta, na dirisha likazibwa blanketi. Akifika, mkalisheni karibu nami, mzime sauti ya kompyuta, nimtafsirie upya. Nimefanya mazoezi. Neno la daktari nitalisema kama lilivyo.

Maji kidogo. ... Inatosha.

Pumzi yangu isipofika huko, kitinda mimba utalisema wewe. Usiongeze, usipunguze. Umwambie kwamba hakukosea. Mshonaji, mikono ya shangazi yako hutetemeka siku hizi, mshikie kikombe akinywa. Mimi mnizike bila hotuba. Nilizungumza vya kutosha. Msigombane juu ya baraza. Mungu awape... awape macho ya kutazama mpaka mwisho, na watu wa kukaa nao benchi moja. Awatunze. Nimewaridhia wote, na dereva pia, mwambieni.

Simu hiyo. Mshonaji, pokea, ni kaka yako.

Mbona umenipa mgongo? ... Anasemaje?

Hapana, mwanangu. Usiniambie amepumzika. Usiniambie wamesimama kidogo njiani. Kaka yako amesema nini? Sema alivyosema.

... Ee.

Bwana Karani, ile nafasi niliyokuambia uache. Jaza. Saa nne na robo asubuhi. Dada yangu amekufa.