Akoth, Farasi Aliyemsindikiza Mzee Cephas

Wasikilizaji wapendwa, mtusikiao kuanzia Migori mjini hadi ufuoni Kisegi, jioni hii tunamkumbuka Akoth. Akoth alikuwa farasi jike, wa nasaba halisi ya farasi wa mbio, na alikuwa bingwa. Amefariki wiki hii kule Kisegi, kwa uzee.

Jina lake la mbio lilikuwa la Kizungu. Aliyempa jina la Kiluo, Akoth, ni mtunzaji wake huko Nairobi, Filister wa Kisegi, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Akoth alianza nyuma kila mara. Wakifika kona ya mwisho, analaza masikio, anawapita wenzake mmoja mmoja. Misimu miwili mfululizo hakushindwa.

Halafu kano ya mguu wa mbele ikachanika. Mwenye farasi akataka adungwe sindano ya mwisho. Daktari akasema, "Huyu hatakimbia tena."

"Hiyo tutamuuliza mwenyewe," Filister akajibu. Akamwomba farasi kwa mwenye mali, akapewa, akamleta nyumbani kwa lori.

Kila asubuhi alimtembeza ziwani, maji yakifika kifuani, mguu upate nguvu bila kubeba uzito. Wavuvi wakamtania. "Nyaminwa, dada yetu, huyo samaki wako ngege mbona ana manyoya?"

"Tega tu, omera, ndugu yangu. Huyu haingii kwenye wavu."

Mwaka ukaisha. Akoth alitembea bila kuchechemea. Lakini kukimbia, hapana. Filister naye hakuacha. Kesho yake wako majini tena.

Ndipo mzee Cephas, babake Filister, akafariki. Ikaja siku ya tero buru, desturi ya msiba ya Waluo, watu wakimbize ng'ombe na kukifukuza kifo mbali na boma. Wakamhurumia Akoth, wakamfunga mtini asije akaumia. Walikosea hapo. Filimbi, mayowe, vishindo vya kwato: kwake hizo ni mbio. Akakata kamba. Akaanza nyuma, kama kawaida yake. Akawapita fahali wote.

Mama Rispa, mjane wa marehemu, alicheka huku analia. "Wacheni apite. Mzee wangu anasindikizwa na bingwa."

Akoth aliporudi, Filister aliupapasa ule mguu kwa muda mrefu. Ulikuwa na joto. Lakini haukuwa umevimba.

Pole sana Filister. Pole Mama Rispa na boma lote. Nawe msikilizaji mpendwa, kama nyumbani kwako yuko aliyeambiwa hataweza tena, fikiri leo: usije ukamfunga kamba kwa kumhurumia.