Vidonge Tulivyogawana kama Mbolea

Mgeni Rasmi, pamoja na wazee wetu mlioketi, shikamooni. Mashuka uliyotuletea tumeyapokea, tunashukuru. Anayesoma ni Getruda, katibu, kwa niaba ya wanawake wa Mshangano wenye saratani ya matiti.

Tulikotoka

Tulianza wanawake kumi na wanne, kazi yetu kusindikizana kliniki. Tumebaki sita.

Tuliyofanya

Mafanikio ni machache, na moja tulilodhani ni fanikio linatuuma. Mwaka juzi mfadhili alimpa mwenzetu Lidwina vidonge vya aina mbili, vya kumezwa pamoja. Bernadina hakupata. Sisi mbolea ya ruzuku huwa tunagawana, huyu ya kupandia, yule ya kukuzia, tukaona tugawane na dawa: Lidwina aina moja, Bernadina nyingine. Bernadina alicheka akasema, "Hata mwenye ya kupandia tu huvuna, japo debe." Daktari alipogundua alituita sote. Kisha akasema, "Mama zangu, hizi huua ugonjwa zikiwa pamoja. Mkizitenganisha mnaufundisha kuzizoea." Bernadina tulimzika Madaba mwezi wa nne. Kosa ni letu, hatulikatai.

Changamoto

Lidwina vidonge havimsaidii tena. Daktari anasema iko sindano: dawa kali iliyounganishwa na kingamwili inayoibeba hadi kwenye uvimbe. Hapa haipo. Tuliuliza kwa nini viwanda vingine visiitengeneze kwa bei nafuu. Kumbe hataza ya ile dawa kali, yaani haki ya kuitengeneza peke yako, ilikwisha zamani. Kampuni ikachukua hataza nyingine ya kile kinachoiunganisha dawa na kingamwili, halafu nyingine ya kuichanganya sindano na vidonge. Kila ikichukua, miaka inaongezeka. Tunaambiwa nchi maskini zimeruhusiwa kutozifuata hataza za dawa. Ruhusa tunayo, kiwanda hatuna.

Maombi

Tulikuwa na maombi manne. Jana tulikaa tukafuta matatu, maana tumeshayasoma kwa wageni watatu kabla yako, na wote waliandika kwenye daftari. Limebaki moja.

Lidwina ni huyu wa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani. Ana watoto wawili. Dada yake wa Nakapanya yuko tayari kuwachukua, lakini Lidwina kila wiki anamwambia asubiri kwanza sindano. Mgeni Rasmi, kama haiji, tunaomba umwambie leo, kwa kinywa chako. Sisi tumeshindwa.

Mungu akufikishe salama, na wa nyumbani kwako awape afya.

Ni sisi,
Kikundi cha Tusindikizane,
Mshangano, Songea.