Rimoti ya Mzee Mutayoba

Benchi letu lipo Mabatini, pale njia inapoanza kupanda kati ya mawe, mbele ya jiko la mkaa la Ngosha, muuza kahawa. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, na unatosha watu wanne. Jumamosi ile asubuhi tulikaa watatu: mimi, Chenge, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kuifungua redio na ikaendelea kuimba, na Maige, tunayemwita Kamanda kwa sababu alikuwa mlinzi kwenye kivuko cha Busisi. Nafasi ya nne ilikaliwa na rimoti.

Rimoti hiyo ilikuwa ya deki ya kuchezea diski, mali ya Mzee Mutayoba, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa amepita, akatusalimia, akaiweka kwenye ubao. Alisema sasa ni wiki ya pili anaibonyeza na deki haisikii. Atakayejua dawa yake amwite. Kisha akarudi kwake. Nafasi ya nne zamani ilikuwa yake, lakini tangu tumzike mkewe mwezi wa pili, anapita tu, hakai.

Sote tulijua anataka kuangalia nini. Ni diski ya jubilei yao, miaka arobaini ya ndoa, na humo mkewe, Mama Wilhelmina, anacheza amevaa kitenge cha njano. Deki ile ina kitufe cha kuwashia tu. Bila rimoti, diski inaishia kwenye picha ya maua, inangoja uchague sehemu, na mama hatokei. Binti yao yuko Bukoba. Jioni mzee hakuwa na mwingine wa kukaa naye ila huyo wa kwenye diski.

— Ni betri, alisema Injinia. Zianikwe.

Tulizianika juu ya jiwe hadi jua likapanda. Kabla ya kuzirudisha, Injinia alizing'ata kidogo pembeni, kama tulivyofanya sote enzi za redio.

— Sasa tutajuaje kama imepona? Kamanda aliuliza. Hapa hakuna deki.

— Imepona. Ishike uone ilivyopata moto.

— Hata jiwe lina moto, Injinia. Tena tatizo ni hayo mawe. Nyumba ya mzee imeegemea mwamba. Mwamba una chuma, na chuma kinavuta mwali wa rimoti.

— Na huo mwamba umekuja lini? Wiki mbili zilizopita?

— Mawe yanakua. Pale Busisi kulikuwa na moja nilililinda miaka tisa. Nililikuta linanifika gotini, nikaliacha kiunoni.

— Maji ya ziwa yalishuka, Kamanda. Jiwe lilikuwa lilelile.

Kamanda aliomba kikombe kingine. Ngosha alimmiminia, na yeye akatoa lake.

— Mimi nasema imezoea kidole cha mama. Miaka yote mzee anakaa, mama anabonyeza. Leo inashikwa na mkono mwingine, inakataa.

Injinia alimwambia rimoti haina macho ya kumtambua mtu. Ngosha akajibu kwamba kule kwao Misungwi ng'ombe wa marehemu bibi yake aligoma kukamuliwa mwezi mzima baada ya msiba, na alianza kugoma usiku, gizani, asikoona kitu. Hoja ilikuwa mbovu, lakini hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo alipofika Annet, dada aliyefungua kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara wiki hiyohiyo. Alituamkia, akaomba kahawa, akatutazama tukipokezana rimoti. Kisha akaiomba. Aliwasha kamera ya simu yake, akaielekezea rimoti, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu, kichwani mwa rimoti, kikawaka kitaa kidogo cha zambarau. Tulipoitazama rimoti yenyewe kwa macho yetu, hatukuona kitu.

— Hii nzima, wazee wangu, alisema. Kuna kitu kinaizuia huko nyumbani. Mbele ya deki kuna nini?

Injinia alimtazama Kamanda. Kamanda alisema labda kuna meza. Siku ya msiba vyombo vyote vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje ili watu wapate kukaa, na baada ya siku hiyo hakuna kati yetu aliyeingia ndani. Nilihesabu miezi kimoyomoyo. Ilikuwa saba. Nyumba ya tatu kutoka benchini.

— Si mnakaa naye hapa? Annet aliuliza, bila ubaya wowote.

Ngosha aliliepua birika jikoni. Kamanda akainuka wa kwanza.

Tulikwenda sote watano. Mzee Mutayoba alifungua mlango, akatukuta tumesimama kwa pamoja uani, hakuna anayesema. Alishika kizingiti.

— Nani amefariki?

— Hakuna, mzee, nilimwambia. Tumekuja kuangalia deki.

Alitupitia tena mmoja mmoja kwa macho, kana kwamba mimi namficha jambo, ndipo akatupisha.

Deki ilikuwa kwenye meza ya televisheni. Mbele yake, ikiwa imeiegemea, ilisimama picha ya Mama Wilhelmina, ile kubwa ya fremu iliyotangulia jeneza. Mzee alitueleza kwamba wiki mbili nyuma aliitoa chumbani akaileta sebuleni, kwa sababu kwenye diski mkewe anazunguka sana, hamwoni uso vizuri. Alitaka akiiangalia ngoma, na uso uwepo.

Annet alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Mzee akaelewa mwenyewe. Aliinua picha kwa mikono miwili, akailaza kwenye kochi, akabonyeza rimoti. Maua yakaondoka, na yule mama akaingia uwanjani akicheza.

Kamanda alikiri kwa sauti ya chini kwamba si mwamba. Injinia alisogea ili Ngosha naye akae. Nilipogeuka kumwangalia Mzee Mutayoba, nikaona haangalii televisheni. Alikuwa anatuhesabu. Kisha akaenda jikoni, tukasikia kabati likifunguka, na vikombe vikitolewa kimoja kimoja, vikisuuzwa vumbi.