Mama Nani, Nesi Aliyeuliza Jina

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Aliye jikoni apunguze moto, aongeze redio. Leo tunamkumbuka nesi. Nesi wa wodini, wa pembeni mwa kitanda hasa, si wa ofisini. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake mpaka mvi zikamwota, na wodi nzima ilimwita Mama Nani.

Najua umeshauliza: mama nani? Ndiyo hivyo hivyo. Mama Nani. Hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia. Wagonjwa ndio waliompa hilo, kwa sababu ya swali lake. Hakukupa kidonge, hakukuchoma sindano, hakukutundikia dripu kabla ya kukuuliza: "Unaitwa nani?" Hata kama alikuuliza asubuhi. Hata kama mnakaa mtaa mmoja na mnaazimana chumvi.

Wagonjwa walimtania. "Sista, jana si tulicheka wote hapa? Leo umeshanisahau?" Naye hujibu uso mkavu: "Jana nilimuuliza wa jana. Leo namuuliza wa leo. Unaitwa nani?"

Mume wake ni fundi bomba. Tulimkuta barazani kwake, mikono haijui ishike nini. Alitusimulia hivi: "Hata nyumbani, ndugu mtangazaji! Nimeshikwa na homa, niko kitandani kwangu mwenyewe, ananiletea vidonge na maji. Ananiuliza, unaitwa nani? Nikamwambia, naitwa mumeo. Akasema, hilo si jina, hicho ni cheo. Taja jina, au vidonge nitavimeza mwenyewe." Mzee wa watu alicheka, halafu akafuta macho kwa kiganja.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, msidhani namsifu jasiri. Mama Nani alikuwa mwoga. Narudia: alikuwa mwoga, na mumewe anathibitisha. Akifunga mlango anarudi kuujaribu. Akivaa gauni la kazi tumbo linamkata. Chai ya asubuhi aliinywa kwa kujilazimisha, maana aliamini nesi mwenye njaa ni hatari kuliko chui. Woga huo hakuuacha getini. Aliingia nao wodini, akatembea nao kati ya vitanda mpaka zamu ikaisha.

Na kuna mtu aliyeurithi. Ni binti wa mdogo wake, naye ni nesi, alipangiwa wodi ile ile. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote, wenzake walimwita Kinda. Nyumbani alimwita marehemu mama mkubwa. Kazini, sista.

"Nilidhani atanibeba," Kinda anasema. "Wapi! Alinikaba koo kuliko wenzangu wote."

Alimkaba kweli. Zamu ikibadilika, Kinda alikuwa anataka wapokezane mezani, huku wamekaa. Mama Nani anamwinua. "Mgonjwa yuko mezani? Twende kitandani. Unieleze habari zake mbele yake, ukikosea atakusahihisha." Kinda akikimbilia kuangalia dripu, anavutwa gauni: "Angalia uso kwanza. Dripu haijui kuumwa." Akipima dawa huku anajibu salamu, anaambiwa: "Ukishika dawa wewe ni kiziwi. Wakikuona una maringo, waache." Daktari akitoa maagizo kwa mdomo, Kinda alitakiwa kuyarudia kwa sauti, mbele ya daktari, hata daktari akikunja uso. Na siku moja, mbele ya watu, alimwuliza: "Umekwenda haja? Nenda. Nesi aliyebanwa hasomi lebo." Kinda alitamani ardhi ipasuke. Lakini alikwenda.

Hayo yote Kinda aliyafuata. Lile swali la jina tu ndilo aliloliona la kizee. Aliliuliza, lakini kwa namna yake. Sikilizeni vizuri hapo, maana kisa chote kiko hapo. Mama Nani aliuliza, "Unaitwa nani?" Kinda aliuliza, "Wewe ndiye fulani?"

Ilikuwa asubuhi ya pilikapilika. Madaktari wanapita, wafagizi wanafagia, ndugu wa wagonjwa wanagombana na mlinzi mlangoni. Kinda ana sindano mkononi, ya kushusha sukari. Sindano ni ya dereva wa lori, kitanda cha dirishani. Lakini jua la dirishani lilikuwa limemchosha dereva, wakabadilishana vitanda wenyewe kwa wenyewe na jirani yake, mzee mmoja fundi viatu. Hakuna nesi aliyeambiwa. Utepe wa jina mkononi mwa mzee ulikuwa umekatwa kupisha dripu. Na mzee alikuwa anasubiri upasuaji, hajatia kitu kinywani tangu jana.

Kinda akainama, akataja jina la dereva. "Baba, wewe ndiye huyo?"

Fundi viatu masikio yalikuwa mazito na adabu ilikuwa nyingi. "Ndiyo, mwanangu," akaitika, akakunja mkono wa shati.

Hapo Kinda akahisi kiganja juu ya kifundo cha mkono wake. Kilikuwa cha Mama Nani.

"Muulize tena."

"Ameitika, sista."

"Ameitikia sauti yako. Usimpe jina. Mwache akupe yeye."

Kinda akamsogelea sikio. "Baba, unaitwa nani?" Na mzee, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua, akataja jina lake. Halikuwa la dereva.

Wasikilizaji wapendwa, sindano haikuingia. Narudia, haikuingia. Lakini Kinda aliiweka kwenye sinia, akaenda stoo ya mashuka, akafunga mlango, akajikunja kati ya marobota. Akashika vifungo vya gauni. Mama Nani alimkuta anavifungua, anataka kulivua.

"Naacha, mama mkubwa. Naacha leo leo. Nitauza mitumba, nitasuka nywele, chochote. Ningemuua baba wa watu."

Mtu mwingine angesema nyamaza, mwanangu, yamekwisha. Mama Nani hakusema hivyo. Alikaa juu ya robota la mashuka. "Ndiyo," alisema. "Sukari yake ingeshuka, naye tumbo tupu. Ungeweza kumuua."

Kinda akaanza kulia. Halafu akauliza, "Wewe huogopi?"

"Mimi? Mpaka leo nikisikia toroli la dawa linakuja, moyo unakwenda mbio. Ukiniona natembea taratibu, usidhani ni utulivu. Najizuia nisikimbie."

"Sasa unafanyaje?"

"Naipa kazi. Hofu ni kama mtoto mtundu. Ukimfukuza anarudi, ukimwacha hana shughuli anavunja vyombo. Mimi yangu nimeituma ikaulize jina. Basi. Inauliza, inajibiwa, inatulia mpaka kitanda kinachofuata." Akamfunga kifungo kimoja. "Mgonjwa ana adabu, mwanangu. Yeye kalala, wewe umesimama na gauni. Ukimwambia wewe ndiye fulani, atakubali hata ukimtajia jina la mkwewe. Haya, nawa uso. Tunakwenda kwa sista mkuu kumweleza. Tukitoka huko tunamwomba mzee radhi."

"Lazima tuseme? Si haikuingia?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Na makosa ndiyo maradhi ya wodi. Inuka."

Walikwenda, kwa miguu yao wenyewe. Sista mkuu aliwaka, lakini tangu siku hiyo utepe ukikatwa, mwingine unafungwa hapo hapo. Fundi viatu alisema, "Kumbe nilikosea kuitika? Nisamehe, mwanangu." Kinda anasema maneno hayo yalimuuma kuliko ukali wa sista mkuu. Gauni hakulivua. Lakini kila asubuhi alijiuliza: je, siku atakapokosekana wa kunishika mkono, itakuwaje?

Siku hiyo ilifika mwaka huu. Mama Nani alipatwa na uvimbe tumboni. Alilazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda alichokitandika mara zisizohesabika. Damu ilimpungua mpaka viganja vikawa vyeupe. Daktari akaandika aongezewe damu haraka.

Kinda ndiye aliyekuwa zamu. Alikuja na mfuko wa damu, pamoja na nesi mwenzake, maana damu hukaguliwa na wawili. Kando ya kitanda wamesimama fundi bomba, mama yake Kinda, na kaka mkubwa wa mgonjwa, mtu wa sauti nzito. Wote wanaangalia ule mfuko kama chakula cha mwenye njaa.

"Tundika," mwenzake akanong'ona. "Nani asiyemjua huyu?"

Hapo ndipo penyewe, wasikilizaji wapendwa. Nani asiyemjua? Wodi nzima inamjua. Kinda kalelewa mapajani mwake. Akiuliza, atawaudhi wakubwa wake mbele ya mgonjwa aliye taabani. Asipouliza, hakuna atakayemlaumu. Na kama kule maabara mtu amechanganya? Damu isiyo yako ni sumu. Kinda akaangalia kifundo cha mkono wake. Hakuna aliyekishika.

Akainama.

"Unaitwa nani?"

"Una wazimu?" Mjomba wake aliruka. "Huna adabu! Mama yako mkubwa huyu, aliyekuogesha! Mtu anakufa, wewe unafanya michezo?"

"Mwanangu, fanya haraka," mama yake akasihi.

Kinda alirudia. "Unaitwa nani?"

Mama Nani akafumbua macho. Midomo imekauka. Akasema polepole, "Mimi... mama yako mkubwa."

Mjomba akasema, "Umesikia? Tundika!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Kinda, na mfuko umetulia mkononi. "Hilo si jina," akasema. "Hicho ni cheo. Taja jina."

Fundi bomba alitoa sauti ambayo hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Na Mama Nani, mgonjwa yule asiye na nguvu ya kushika kijiko, alitabasamu. Akalitaja. Lake, la baba yake, la babu yake, kama mtoto anayeandikishwa shule. Kinda akalisoma kwenye mfuko, mwenzake akalisoma kwenye utepe, wakasomeana namba na kundi la damu. Vyote sawasawa. Damu ilikuwa yake.

Najua, mpendwa msikilizaji, ulitaka niseme mfuko ulikuwa wa mtu mwingine, tupige makofi. Hapana. Ulikuwa wake tangu mwanzo. Kinda anasema mama yake mkubwa alimvuta karibu damu ilipoanza kushuka, akamwambia: "Mara nyingi utauliza, na jibu litakuwa lile lile. Usione umeuliza bure." Kisha akafumba macho. "Sasa nitalala. Leo siogopi."

Damu ilimpa siku chache. Uvimbe ulikuwa umekwenda mbali. Alifariki asubuhi, mumewe kashika mkono mmoja, Kinda kashika wa pili. Mjomba alikuja baadaye akamwambia Kinda, "Nilikufokea, mwanangu. Siku nikilazwa mimi, uniulize."

Kinda amerudi kazini. Bado tumbo linamkata akivaa gauni, nasi hatutamdanganya kwamba litaacha. Juzi mzee mmoja alimlalamikia: "Wewe binti, jana si uliniuliza?" Akajibu, uso mkavu: "Jana nilimuuliza wa jana."

Kwa mume wa marehemu, kwa mdogo wake na kaka yake, kwa wodi nzima iliyobaki na pengo, pokeeni rambirambi zetu. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mahali pasipo na toroli la dawa. Nawe nesi unayetusikiliza huku unafunga vifungo, na mikono haijatulia, hofu yako ipe kazi.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Iko siku kila mmoja wetu atalala chali, na mtu asiye na nafasi ya kukaa atasimama juu yake na kuuliza jambo analolijua. Usigune. Usimjibu wewe ni baba wa nani, wala mkubwa wa wapi. Hivyo ni vyeo. Taja jina.