Basile Nizigiyimana na Kishikio Kilichoandikwa USIVUTE

Tarehe 30 Juni 1958, kazi ikifungwa, Bwana Basile Nizigiyimana atanawa mikono kwa mara ya mwisho katika garaji ya magazini yetu ya mizigo hapa Uvira. Ametumika miaka ishirini na tisa na miezi minne. Wakubwa walitaka karani aandike karatasi hii ya kumuaga, lakini shofa wa kamioneti aliing'ang'ania mpaka akapewa yeye. Mtaona kwa nini.

Basile alitoka Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, akaingia garaji mwezi wa tatu 1929 kuosha magurudumu. Ufundi aliupata kwa masikio. Huegemeza mpini wa nyundo kwenye motere, upande wa pili sikioni, kisha anakwambia kinachouma ni nini. Hata kanisani hatulii. Jumapili moja gari lilipita nje wakati wa mahubiri, naye akatamka kwa sauti, "Supapu!", maana alisikia vali ya motere ile ikigonga. Mkewe, Mama Apollinarie, alimfinya mbele ya parokia nzima.

Haya, sasa tuje kwenye kamioneti, gari letu dogo la mizigo. Mwaka 1954 ile ya zamani, yenye vitesi, yaani gia, tatu tu, ilikuwa ikivuta nyuma yake remorki ya tani mbili kutoka Bukavu hadi bandari ya Kalundu. Kwenye tambarare ya Ruzizi barabara imenyooka, lakini jamani, ikifika kilometa arobaini kwa saa motere ililia utafikiri inachinjwa, na esansi iliisha tangini kama maji. Meli ya Kalundu haimngoji mtu. Tulipoikosa mara ya tatu, mkubwa akaamua kamioneti iuzwe, mizigo ipewe malori ya kukodi. Shofa wake, Selemani, yaani mwandishi wa karatasi hii, baba wa watoto watano pale Kilibula, alikuwa karibu kufutwa kazi. Basile akaomba siku saba.

Nyuma ya garaji kulikuwa na gari moja la matembezi lililokwisha kupinduka na kuachwa. Basile alitoa humo sanduku dogo la vitesi ya ziada. Sanduku hilo hufungwa nyuma ya boksi la kawaida la vitesi, na likishika, magurudumu yanakimbia zaidi huku motere ikizunguka polepole. Alikata shafti, akaifupisha, akaiunga upya, akatengeneza vishikizo kwa chuma cha reli. Siku ya sita alitoka chini ya gari uso mweusi tii, meno ndiyo yanayoonekana, akasema, "Iko tayari."

Lo! Siku ya kujaribu, na remorki imejaa, sindano ya mwendo ilipanda hamsini, sitini, sitini na tano! Motere ilikuwa inanong'ona. Selemani alipiga honi kutoka mtaa wa Songo hadi nje ya mji bila sababu yoyote, na watu wakapunga mikono. Basile alikuwa pembeni yake akieleza jambo, akarudia, lakini furaha ilikuwa imeziba masikio ya shofa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: ukivuta kishikio kidogo cheusi kilicho mbele ya shofa, vitesi ya ziada inashika, na hapo motere haiwezi tena kuzuia gari kwenye mteremko. Kwenye tambarare ni raha tupu, mlimani ni kifo. Basile, mtu wa uangalifu, alipaka hapo kwenye kishikio kwa rangi nyeupe: MTEREMKO: USIVUTE. Nafasi haikutosha maneno zaidi.

Kesho yake tulishuka kutoka Bukavu na viazi, Basile amekaa juu ya magunia nyuma ya kabini ili asikilize shafti. Juu ya mteremko wa Kamanyola Selemani akasoma yale maandishi, akaona kumbe ni marufuku kuvuta sigara, akaitupa nje ile aliyokuwa nayo mdomoni, kwa utii mkubwa. Kisha, kwa haraka ya kuwahi meli, akavuta kishikio.

Motere ikanyamaza. Remorki ikaanza kutusukuma. Kona ya kwanza tuliipata kwa bahati, ya pili freni zilikuwa zinatoa moshi. Paa la kabini likapigwa ngumi, na Basile, nusu mwili wake ukining'inia nje, akapiga kelele dirishani, "Kanyaga mafuta! Kanyaga, halafu sukuma ndani!" Kuongeza mafuta gari likiwa linakimbia mlimani! Selemani alimwona mwenda wazimu, lakini alikanyaga. Motere ikanguruma hadi ikafikia mbio za magurudumu, kishikio kikaingia, na gari zima likashikwa. Kufika chini tulikuwa tunacheka na kulia pamoja.

Kalundu tuliikuta meli. Kamioneti haikuuzwa, na mpaka leo inavuta.

Ila freni zilikuwa zimeungua, na mkubwa akauliza kosa ni la nani. Basile akajibu mbele yetu sote: "Iko langu. Niliandika vibaya." Mwaka ule alikuwa apewe cheo cha fundi mkuu. Hakupewa hadi 1957. Yeye alipaka tu maandishi mapya: MTEREMKO: SUKUMA NDANI. SIGARA SHAURI YAKO.

Sasa Fundi, niruhusu niache kujiita "shofa". Rangi yako haikuwa na kosa. Ulinieleza kwa mdomo mara mbili, na miye sikusikiliza, nilikuwa naangalia sindano. Kwa miaka minne nimekuacha ubebe jambo langu, na kila mshahara niliopeleka nyumbani umepita kwenye mabega yako. Nilinyamaza kwa woga, na nimeona haya.

Asante kwa kazi yako yote, na Mungu akupe wewe na Mama Apollinarie uzee wenye afya na mpunga wa kutosha kule Luberizi. Wakubwa watakaosoma karatasi hii wafungue faili la mwaka 1954, wafute jina la Basile Nizigiyimana kwenye kosa lile, na mahali pake waandike langu.

Selemani Riziki, shofa