Hongera ya Dorcas

Kijiwe chetu kiko Shella, hapa Malindi, ubavuni mwa duka la simenti, Kiponda anapouza kahawa chungu. Mwanamke wa mtaa akijifungua, sisi huchanga, tukanunua kuku na kanga, tukampelekea hongera mlangoni. Jana tulimpelekea Dorcas, mshona nguo wa uchochoro wa nyuma. Akatwambia mtoto hayupo. Alikuwa amewabebea watu wengine, mke na mume wa Nairobi. Mbegu zao, tumbo lake, na mtoto wamemchukua palepale hospitalini. Tukabaki tumesimama na kuku wetu. Leo hakuna aliyetaka kulianza hilo, ila Wakili hawezi kunyamaza. Sheria hajaisoma, alikuwa akifagia mahakamani.

— Kisheria, alisema Wakili, mtoto ni wa aliyemzaa.

— Sheria gani? akauliza Kiponda huku akimimina. Mswada wenyewe bado wazungushwa bungeni.

— Basi itakuja.

— Na Dorcas amekwishazaa.

Njoroge akaweka kikombe chini. Twamwita Daktari kwa kuwa auza dawa ya panya.

— Mbegu zilichanganywa kwa chupa, zikapandwa. Dorcas ni shamba la kukodi tu, jamani.

— Shamba gani lina maziwa? nikamwuliza. Jana ile kanga ya kifuani ilikuwa imelowa. Hukuiona?

Sote tuliiona.

— Ningekuwa mimi serikali, alisema Wakili, kila tumbo la kubebea lingeandikishwa, likapewa namba, kama tuktuk.

— Na trafiki alisimamishe njiani?

— Nyinyi chekeni. Huyo mtoto atakua, aje matembezi Malindi, akutane na Hope, binti wa Dorcas. Wapendane, waoane.

— Si ndugu hao, Wakili, alisema Daktari. Damu mbali mbali.

— Wamelala tumbo moja!

— Lakini damu si moja.

— Basi anitokee mtu aniambie hao ni nini.

Daktari akasema siku zaja watoto watatotolewa kwa mashine kama vifaranga, mzazi achague hata urefu, na akina Dorcas wapumzike.

— Mimi yule mama wa Nairobi simlaumu, alisema Kiponda polepole. Mwanangu Abigael mimba zamtoka, moja baada ya nyingine. Sasa hata kwenye harusi za watu haendi. Angempata Dorcas wake, ningechinja mbuzi.

— Na huyo Dorcas wake? nikauliza.

Kiponda akafuta mdomo wa birika kwa kitambaa, akaufuta tena.

— Nisingemwuliza hata jina, alisema.

Hapo tuktuk ikasimama, akashuka mama mtu mzima na kapu la ukindu. Tukamwamkia.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nauliza kwa Dorcas, mshona nguo. Mimi ndimi mamake, natoka Rabai. Nimesikia kwa watu kwamba amejifungua. Nimekuja kumkanda, nikae naye arobaini yote.

Wakili akampisha kwenye benchi. Kiponda akammiminia kahawa, naye akainywa kwa furaha, kapu kalipakata. Ndani mlikuwa na unga wa uji na vitambaa vyeupe vilivyofuliwa vikakunjwa.

— Dorcas hana mume, alisema. Mwana huyu ni wa nyumba yetu. Nimekuja nikisema njia nzima, akiwa mwanamume, aitwe Sanga, jina la marehemu babake Dorcas. Nyinyi ndio majirani zake?

— Ndio, mama.

— Mlikwenda kumpa hongera?

— Tulikwenda, jana, nikasema.

— Mungu awabariki. Akatugeukia mmoja mmoja, anatabasamu. Haya niambieni basi. Yuafanana na nani?

Wakili akatazama viatu vyake. Daktari akainua kikombe chake kitupu, akanywa. Kiponda akaiinamisha birika amwongeze mgeni, halikutoka hata tone.

Nikamchukulia kapu, nikamwambia twende, nitamwonyesha mlango. Uchochoro wetu ni mfupi, nami nilijikokota niwezavyo. Kila hatua mama alikuwa akiniuliza.