Naam Uliyompa Damas

Sogeeni wanangu, Ludovick na wewe Josephine, zimeni hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kushindana na kelele.

Mnajua mimi Gervas baba yenu nilitoka seminari kule Bukoba nikaja kufundisha Kilatini Stockholm, na tenzi za Warumi wa kale nimewasomea humu humu Väsby, pembeni mwa jiji, kabla hamjajua kufunga kamba za viatu. Mle tenzini amri haitengani na wajibu: anayetaka kuongoza watu humbeba kwanza baba yake mgongoni, mji ukiwaka moto nyuma yao. Ludo, somo hilo ulilishika barabara, ila baba uliyembeba ni mwingine.

Ndiyo, nasema Damas. Namwonea wivu, tena wivu wa kuchoma, na sitakufa na donge kooni. Nilimchagua mwenyewe awe baba yako wa ubatizo, kwa kuwa hakujaliwa mtoto, nikidhani atakuletea zawadi za Krismasi basi. Mimi nikikuita, unanijibu Kiswidi. Yeye akikuita kutoka kwake Jordbro, upande wa pili wa jiji, unasimama wima: "Naam, baba!" Siku lifti ilipoharibika nami natakiwa hospitali, wewe ulikuwa kwake ukimpakia kuta rangi, dada yako ndiye aliyenishusha ngazi zote mgongoni, nimemng'ang'ania shingo, majirani wakichungulia.

Basi sikilizeni. Kibanja cha Kamachumu, shamba letu la migomba kule nyumbani, ni chenu wawili, msikigawe wala msikiuze. Lakini siku ya kuanua matanga, kwenye kiti changu mbele ya ukoo atakaa Josephine. Wazee watanung'unika kwamba mrithi ni mwana wa kiume. Waambieni Gervas amesema mwenye mzigo ndiye mwenye amri. Nawe Josephine, usimtawale kaka yako kwa kisasi. Mkubwa ni jalala, utatupiwa mengi, yapokee.

Usilie, Ludo. Damas akifa, mzike kama mwana, hilo sikunyang'anyi. Ila jeneza langu ulibebe wewe mbele, yeye afuate nyuma na watu wengine.

Jose, ninyanyulie mto... hapo. Mungu awatunze, wanangu. Awape uzao unaosikia, na mkono wa mmoja usimchoke mwenzake...

Simu hiyo inayotetema mfukoni mwako, Ludo, ni yake. Mwambie asubiri kidogo. Leo... baba ni mimi.